UZI: Kitako cha bei chee cha kuwekea modeli ya kifaru, kwa vifaa vya hapa hapa Arusha na Moshi

#1 Mleta uzi (Sakina, Arusha)

Wakuu, salaam.

Niliahidi kuleta uzi wa vitako, nauleta. Wengi humu mnajenga kifaru kikatoka safi, rangi imekaa, halafu kinaishia juu ya kabati la vyombo pembeni ya rimoti. Ukiuliza kwa nini hakina kitako, jibu ni lile lile: udongo wa modeli, nyasi za modeli na zile poda za vumbi vinaagizwa nje, na ukijumlisha na usafiri bei inakaribia ya kifaru chenyewe.

Kitako nilichonacho mezani sasa hivi hakijala elfu kumi, na karibu yote imekwenda kwenye fremu. Vingine vimetoka kwa mafundi, wengine wamenipa bure huku wananishangaa.

Niseme mapema msimamo wangu, mwenye hoja aje. Vitako vya nyumbani vinaharibikia sehemu mbili, na zote hazihusiani na hela: punje za udongo zinakuwa kubwa mno, na kifaru kinaelea. Ukishinda hayo mawili, hata nyasi mbaya watu watakusamehe.

Modeli yangu ni Type 59 ya Mchina, boksi la kampuni ya Trumpeter, skeli 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi. Nimeichagua kwa sababu ni chuma ambacho jeshi letu limekitumia, siyo Tiger ya Mjerumani ambayo kila mtu duniani anayo. Kifaru halisi kina tani 36, bodi yake ina urefu wa mita 6.04 na upana wa mita 3.27. Gawa kwa 35: bodi sentimita 17 na ushee, upana sentimita 9 na ushee. Ukihesabu na mtutu inafika kama sentimita 26.

Kwa vipimo hivyo, fremu ya cheti ya A4 inatosha. Zile fremu za kuwekea vyeti vya shule, kila stesheneri inazo. Toa kioo kitunze, utakihitaji. Ubao wa nyuma wa fremu hizi ni kama karatasi, hauna maana, badilisha kwa kipande cha plaiwudi. Kiweke kifaru mshazari kidogo, kisilingane na kingo za fremu. Kikikaa sambamba na kingo kinaonekana kimeegeshwa stendi.

Juu ya plaiwudi gundisha stairofomu, ile nyeupe nyepesi inayokingia TV ndani ya boksi. Mafundi TV wanaitupa. Unene wa sentimita moja unatosha, chonga mabonde na kijituta kwa kisu chenye makali. Tahadhari kubwa hapa: usipulize rangi ya kopo juu ya stairofomu tupu, wala usiifute kwa thina au petroli. Inayeyuka mbele ya macho yako. Gundi yake ni ile nyeupe ya mbao, na ipe siku nzima ikauke, kwa sababu katikati hakuna hewa.

Ardhi yenyewe ni jipsam ya unga, ile mafundi dari wanazibia maungio. Mwombe fundi mabaki ya mfuko, nusu kilo inazidi. Koroga jipsam, maji, gundi nyeupe kiasi cha kijiko kikubwa, na oksaidi nyekundu ya kuwekea rangi sakafu, ile ya kupimiwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Rangi iingie ndani ya mchanganyiko. Ukipaka juu tu, siku kitako kikigongwa kitatoa kidonda cheupe na kazi yote imeisha. Gundi inazuia mipasuko, na pia inachelewesha jipsam kushika, kwa hiyo unapata muda wa kufanya kazi.

Paka tabaka jembamba, milimita 2 au 3. Halafu subiri, na hapa ndipo penye utamu. Jipsam ikiwa bado mbichi inang'aa kama maji. Itafika mahali mng'ao unakufa, uso unakuwa mkavu kwa macho lakini ukigusa kidole kinaacha alama. Ndio muda wa kukanyagisha minyororo. Chukua kipande cha mnyororo wa akiba, kilowanishe, kandamiza, kisha nyanyua wima bila kuburuza. Kikinyanyuka na udongo, bado mapema. Kikiacha alama za meno safi kabisa, endelea mpaka ukingo wa kitako. Kifaru hakikushuka kutoka mbinguni, nyuma yake lazima kuwe na njia.

Kina cha alama ni hesabu. Milimita 1 kwenye kitako ni sentimita 3.5 kwa hali halisi. Moramu kavu inataka hiyo milimita moja, pengine pungufu. Ardhi ya masika unaweza kwenda milimita 3, ambayo ni sentimita 10 na kidogo. Tani 36 haziwezi kukaa juu ya tope bila kuzama, na jicho la mtu linajua hivyo hata kama mwenyewe hajui kwamba anajua.

Nyasi na vumbi nitaleta baadaye, ngoja nile kwanza.

#2 Mdau

Uzi bila picha mkuu? Nimeweka kiti hapa.

#3 Mleta uzi

Picha zinakuja kiongozi, umeme ukirudi.

#4 Fundi seremala (Majengo, Moshi)

Mleta uzi umeongea vizuri ila plaiwudi umeipita haraka. Plaiwudi ukiipaka kitu chenye maji upande mmoja inakunjika. Jipsam yako ina maji, gundi yako ina maji. Baada ya wiki unakuta pembe mbili zimenyanyuka na fremu imeachia.

Dawa ni kupaka vanishi pande zote mbili na kingo KABLA hujaanza, iache ikauke, ndipo ugundishe hiyo stairofomu yako. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliobanwa, ndiyo usiiguse kabisa bila vanishi, ikinywa maji inavimba na hairudi. Na kama mtu anataka kitu kizuri zaidi ya fremu ya cheti, apite karakana yoyote aombe kichwa cha mbao. Vipande vya mninga vya sentimita 30 tunapikia chai.

#5 Mdau wa Ngarenaro

Sasa kaka, udongo upo nje ya mlango, bure. Oksaidi na jipsam za nini? Mimi ningechota tu nje nikamwagia gundi.

#6 Mleta uzi

Swali zuri, na nilijua litakuja.

Udongo wa nje una shida tatu. Kwanza una wadudu na mayai yao na mbegu. Uukaange kwenye kikaango kikuukuu mpaka ukome kutoa mvuke, la sivyo utakuja kuona kitu kinatembea chini ya kifaru. Pili ni punje. Punje ya mchanga ya milimita 2 kwenye 1/35 ni jiwe la sentimita 7. Maana yake umekizungushia kifaru mawe ya ukubwa wa ngumi, na kifaru chote kinaonekana kidogo, cha kuchezea. Chekecha kwa soksi ndefu ya kike iliyochanika. Kile kinachopita ndicho vumbi lako, kinachobaki chagua vijiwe vichache tu. Tatu ni rangi. Udongo ukinywa gundi unakuwa mweusi zaidi na haukubali kurudi ulivyokuwa. Na udongo wetu huku mjini ni majivu ya Meru, kijivu cheusi. Ukiniambia kifaru kiko Kagera na chini kuna vumbi la Ngarenaro, nitakuuliza kimefikaje.

Kwa hiyo udongo uutumie, ila juu ya jipsam kama kiungo. Nyunyiza wakati jipsam bado ina unyevu. Kwa zile punje kubwa kidogo, vijiwe vya moramu kama ile nyekundu ya Moshono vinafaa sana, vina vitundu vidogo vidogo na ukivipondaponda vinavunjika kwa umbo la jiwe kweli.

Kufunga vumbi lililokauka, changanya gundi nyeupe sehemu moja na maji sehemu mbili, halafu TONE MOJA la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Usipoweka sabuni, tone la gundi linakaa juu ya vumbi kama shanga, linabiringika na kubeba vumbi nalo. Ukiweka sabuni, linazama hapo hapo na udongo hausogei. Dondosha kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha, mpya ya famasi.

#7 Mdau

Watu wazima mnacheza na vigari 😂

#8 Fundi seremala (Majengo, Moshi)

Mwenzio anacheza na vigari, wewe unacheza na kubeti. Tuendelee.

#9 Mleta uzi

Nyasi sasa.

Nimejaribu vitu vingi lakini kwa nyasi ndefu za Afrika hakuna kinachoshinda katani. Kamba ya katani inauzwa kwa mita, chukua hata robo mita. Ifumue, ichane kwa kitana kikuukuu mpaka nyuzi ziachane. Rangi yake ya asili tayari ni nyasi za kiangazi, hupaki kitu. Ukitaka kijani, loweka kwenye rangi ya maji iliyozimuliwa sana, na usiloweke zote sawa. Acha nyingine zikiwa nusu.

Toboa ardhi kwa sindano ya kushonea magunia. Chukua nyuzi chache, zichovye ncha kwenye gundi nyeupe, zipenyeze. Usizinyooshe. Zikikauka ndipo ukate kwa mkasi, kwa mshazari, kila shina urefu wake. Nyasi ya magotini ni sentimita 1.5, ya kiunoni sentimita 3 hivi, kwa sababu mwanajeshi mwenyewe wa 1/35 ana sentimita 5. Pale minyororo ilipopita nyasi zilaze chini kuelekea kifaru kilikokwenda, na nyingine zikwame kwenye minyororo ya nyuma. Hicho kitu kidogo kinauza kitako kuliko mti mzima.

Majani makavu yaliyoanguka: majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yaanike. Zulia la chini ya miti: vumbi laini la mashine ya msasa kwa fundi mbao, lichanganye na rangi. Lile la randa halifai, ni kubwa, linaonekana ni mbao.

#10 Mwana Kagera

Nimesoma kimyakimya, sasa niingie. Kwetu ni Kagera, naishi Moshi. Kama unatengeneza vita vya Kagera, sisi na Uganda ya Idi Amin, 1978 na 1979, tafadhali usituwekee kajangwa ka nyasi kavu na mgunga mmoja pembeni. Hiyo ni Serengeti ya kwenye kalenda.

Kwanza migomba. Pili vichuguu, vikubwa, vingine vinampita mtu. Tatu angalia tarehe. Majeshi yetu yaliingia Masaka, ndani ya Uganda, mwishoni mwa Februari 1979, Lukaya ilipiganwa tarehe 10 na 11 Machi, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Machi na Aprili ni masika. Tope, kijani, madimbwi barabarani. Na pale Lukaya barabara imepita kwenye kinamasi, vifaru haviwezi kuiacha vikaingia pembeni. Ukitengeneza Lukaya unatengeneza tuta la barabara, mafunjo kulia na kushoto, na chuma hakina pa kukimbilia.

Halafu kitu kimoja kwa heshima. Mzee wangu alikuwepo. Kitako kizuri, fanya, ila mambo ya kuweka maiti za plastiki chini ya minyororo kama wafanyavyo wengine, yaache.

#11 Mleta uzi

Mwana Kagera, shikamoo kwa mzee. Maiti siweki, na sijawahi kupenda vitako vya namna hiyo. Kifaru na njia yake vinatosha kusema.

Wazo la Lukaya umenimaliza, kwa sababu linaondoa tatizo la nafasi. A4 ni ndogo kwa shamba, lakini kwa kipande cha tuta la barabara inatosha kabisa: kifaru juu, pembeni zinashuka, maji na mafunjo vinagota kwenye fremu. Mafunjo yanafika mita 4, kwenye 1/35 ni sentimita 11 na kitu, na kifaru chenyewe kina urefu wa kwenda juu wa sentimita 7 na nusu hivi. Kwa hiyo mafunjo yanakipita kimo, na jicho linapata hofu yenyewe bila maiti. Shina ni njiti ya ufagio wa chelewa, kichwa ni uzi wa katani uliofungwa katikati na kufumuliwa kama mwavuli.

Maji usimwage resini, ni ghali na inapata joto. Paka chini rangi ya kijani inayoelekea nyeusi, iwe nyeusi zaidi katikati, halafu vanishi ya kung'aa tabaka jembamba jembamba, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Kwa kinamasi huhitaji kina cha kweli. Vanishi ya mbao iwe ya maji, au basi hakikisha stairofomu imefunikwa na jipsam kila mahali, maana vanishi ya thina ikipata upenyo inakula chini kwa chini.

Migomba nayo iko rahisi. Chukua waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye nyaya za earphone mbovu, ubandike katikati ya masking tepu, kunja tepu juu yake ili waya uwe uti wa jani. Kata umbo la jani, sentimita 5 au 6. Sasa kwa mkasi chana kingo kuelekea kwenye uti, michano isiyolingana, maana jani la mgomba lililokutana na upepo halibaki zima. Paka kijani, pinda waya. Shina ni kijiti cha mishikaki kilichozungushiwa tishu yenye gundi, na chini ning'iniza majani mawili matatu ya kahawia yaliyokufa. Mgomba msafi usio na majani makavu ni mgomba wa plastiki wa hotelini.

#12 Mdau

Kaka kwenye rejea za picha unafanyaje? Nilitaka nipite pale kambini nipige picha moja ya gari lao.

#13 Mleta uzi

USITHUBUTU. Maeneo ya jeshi hayapigwi picha, utaenda kueleza habari za modeli kwa watu ambao hawana muda. Picha za vita ile ziko mtandaoni, na Type 59 imetokana na T-54 ya Mrusi, kwa hiyo picha za T-54 zinakusaidia kwa sehemu kubwa: magurudumu matano, pengo kubwa kati ya la kwanza na la pili, na hakuna vigurudumu vidogo vya kubebea mnyororo juu. Kwa sababu hiyo mnyororo wa juu unalala juu ya magurudumu. Boksi likikupa mnyororo wa mpira ulionyooka kama mkanda wa suruali, ushushe kwa supa gluu kwenye gurudumu la pili, la tatu na la nne. Kifaru chenye mnyororo uliotuna juu kinaelea hata ukikichimbia shimo.

Na ukiwa hujafunga bodi, toboa matundu mawili chini yake, gundisha nati mbili kwa ndani. Baadaye unapitisha skrubu kutoka chini ya plaiwudi unakikaza. Usigundishe kifaru kwenye kitako. Siku ukitaka kurekebisha rangi utalia.

#14 Mwalimu (Moshi)

Hongereni wadau. Nafundisha historia sekondari. Wanafunzi hawana hela ya boksi la Trumpeter, lakini nawaza kila kundi litengeneze kitako na kifaru cha maboksi. Kwa skeli gani? Na isiwe Kagera tu, huku kwetu kuna Vita Kuu ya Kwanza pia.

#15 Mleta uzi

Mwalimu, karibu. Nenda 1/72. Type 59 inakuwa na bodi ya sentimita 8 na nusu, mwanajeshi sentimita 2 na nusu, na fremu ya picha ya kawaida ya postikadi inatosha kila kundi. Kwa skeli hiyo usihangaike na nyuzi za katani ndefu, vumbi la msasa na majani ya chai yanatosha.

Kuhusu Vita vya Kwanza, huna haja ya kwenda mbali. Waingereza chini ya Jenerali Smuts walipita vilima vya Latema na Reata, upande wa Taveta, tarehe 11 na 12 Machi 1916, na Moshi wakaingia tarehe 13. Katika kampeni hiyo walikuwa na magari ya deraya ya Rolls-Royce. Gari la magurudumu ni rahisi zaidi kwa maboksi kuliko kifaru, halina mnyororo. Kitako chake ni vichaka vya miiba na vumbi jekundu. Waambie vijana wachukue mizizi mikavu iliyong'olewa shambani, ile midogo yenye matawi. Ukiigeuza juu chini ni kichaka tayari.

Kwa jipsam waambie wavae kitu puani wakati wa kumimina unga, na mabaki wasimwage kwenye sinki. Yanaganda kwenye bomba na mkuu wa shule hatakuelewa.

#16 Mwana Kagera

Na vumbi la kwenye kifaru chenyewe? Naona watu wanaweka kitako chekundu, kifaru kijani kimetoka dukani jana.

#17 Mleta uzi

Hapo umegusa. Oksaidi ile ile uliyokorogea jipsam, saga na chaki nyeupe kidogo, paka kavu kwa brashi laini kwenye magurudumu na sehemu ya chini ya bodi. Tope la kwenye minyororo lichotwe kwenye bakuli lile lile la ardhi. Rangi zikitofautiana hata kidogo, kifaru na kitako vinagombana. Oksaidi inashika mikono na nguo, vaa fulana mbovu. Kule juu kwenye kichwa cha kifaru, chenye mtutu, weka kidogo sana, pale wanajeshi wanapokanyaga wakipanda.

#18 Mdau wa Ngarenaro

Nimekubali kwenye udongo. Swali la mwisho: vumbi la kweli la huku Chuga utalizuiaje? Ndani ya wiki moja kitu chote kitakuwa kijivu.

#19 Mleta uzi

Ndiyo sababu nilisema kioo cha fremu ukitunze. Nenda kwa fundi wa aluminiamu na vioo, ana vipande vya milimita 3 ambavyo havimtoshi dirisha. Mpe vipimo vya pande nne, kioo cha fremu kinakuwa paa. Unganisha kwa silikoni nyembamba upande wa ndani. Pima kimo baada ya kuweka mafunjo na migomba, siyo kabla. Kama kioo ni kizito kwako, maboksi ya plastiki angavu ya wauza keki yanatosha kwa 1/72, mwalimu hilo ni lako.

#20 Fundi seremala (Majengo, Moshi)

Mwalimu, vitako vya wanafunzi visikupe mawazo. Nitakukatia plaiwudi ya mabaki saizi ya postikadi, tupu, vanishi utapaka mwenyewe na vijana. Niambie makundi mangapi, na uje kabla ya Ijumaa maana Jumamosi tunachoma mabaki.